Abiria wa Tatu Kutoka Gatini

Mwaka jana nilirudi kwenye lile gati la zamani, katika mji mdogo wa pwani ambao mtu wa Dandora, Nairobi, kama mimi hana sababu ya kuujua. Ilikuwa saa saba mchana, maji yamekupwa, na hapakuwa na mtu ila mlinzi aliyekuwa akila mihogo kivulini. Bohari lilikuwa limefungwa kwa minyororo, winchi imeliwa na kutu. Nilipovuta ile harufu ya chumvi na kamba kuukuu, nilisimama pale pale. Nilikuwa tena na miaka minane, mkono wangu ndani ya mkono wa nyanya.

Nyanya yangu, rafiki, alikuwa mtu wa kanisa, wala hakuwa na habari na mizimu. Kwake Dandora tuliamka kwa nyimbo za ibada, tukachota maji, tukachagua maharagwe huku moshi wa jaa la taka ukipita juu ya mabati. Jambo moja tu hakulizungumza: babu. Babu alitoka Ukambani kuifuata kazi pwani, akawa karani wa bohari hapo gatini. Adhuhuri moja alivua viatu, akaviacha juu ya ngazi za mawe, akashuka kutazama kamba ya mashua. Hakupanda tena. Bahari haikumtoa. Nyanya aliletewa viatu.

Likizo moja akanichukua tukapanda basi mpaka huko, bila kuniambia tunafuata nini. Alininunulia mahamri, akaniketisha juu ya ngazi, akashuka hadi maji yakalowesha pindo la leso yake. Akaita jina la babu mara tatu, kwa sauti ile ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kisha akasema polepole, kwa Kikamba, "Umekaa huku vya kutosha. Twende nyumbani."

Alipopanda alinishika mkono na kunikataza kugeuka. Sikugeuka. Lakini nilisikia nyayo za miguu mitupu, zimelowa, zikigusa mawe nyuma yetu, moja baada ya nyingine, bila haraka.

Kituoni alikata tiketi tatu. Kondakta alitaka kukalisha abiria kwenye kiti cha dirishani kilichokuwa wazi kando yetu. Nyanya akakiwekea mkono.

"Kina mwenyewe," alisema.

Kondakta alikitazama kile kiti, akanitazama mimi, akaenda zake. Tulipokuwa tukishuka Nairobi nilikipapasa. Kilikuwa na unyevu.

Tangu siku hiyo nyanya alilala vizuri. Alizoea kusema kwamba aliyepotea hachoki kutembea, huchoka kungoja kuitwa. Jioni alimimina chai vikombe vitatu, nami nikazoea, kama mtoto anavyozoea kila kitu.

Basi mwaka jana nilimsogelea yule mlinzi, nikamwuliza kama haogopi kukaa peke yake mahali kimya hivyo. Akasema zamani ndipo watu walipoogopa. Baba yake alilinda hapo kabla yake, na kila adhuhuri walisikia mtu akikohoa ndani ya bohari lililofungwa. Siku moja kikohozi kikakoma.

"Baba alisema yule aliyekuwa akikohoa alichukuliwa," aliniambia. "Walikuja mama mmoja wa bara na mtoto wa kike. Waliingia wawili, wakatoka watatu."

Nilimshukuru.

Nyanya tulimzika Ukambani miaka mingi iliyopita. Wajomba wakauza ploti ya Dandora, nyumba ikabomolewa kwa siku moja, na leo pamesimama ghorofa sita za wapangaji wasiojuana. Nilipita hapo niliporudi kutoka pwani. Hakuna ua, hakuna mabati, hata mlango wetu ulipokuwa sikupatambua. Nikakumbuka siku tuliyohama: tulibeba vitanda, sufuria, hata misumari ya ukutani. Hakuna aliyesimama mlangoni kumwambia babu kwamba tunaondoka.