Mstari wa Mtu Mmoja

Leo Karisa amekuja kuniona, na nilitamani asije.

Wajukuu zangu mnaosoma ukurasa wangu huu hamumjui. Miaka ya themanini tulifundisha pamoja hapa Kakuyuni. Wakati ule kura haikuwa siri: ulisimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wako, chifu akitazama, watu wakahesabiwa.

Tuliahidiana kusimama pamoja nyuma ya mgombea ambaye chifu hakumtaka.

Karisa akasimama. Peke yake.

Mimi nikaingia mstari mrefu.

Jioni askari walimchukua. Aliporudi, baada ya miezi mingi, kazi ya ualimu hakuwa nayo tena, na mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki.

Sasa naumwa, na daktari hanifichi. Kwa hiyo leo nikamwambia, "Karisa, nisamehe. Niliogopa."

Akaweka kikombe chini.

"Hofu nilikusamehe siku ileile, Mwalimu. Ulikuwa na watoto. Hata mimi nilitetemeka."

Nikashusha pumzi. (Mapema mno.)

"Lakini watu walipoanza kunicheka pale uwanjani, na wewe ulicheka."

Miaka yote hii nimetubia woga. Kicheko sikikumbuki kabisa.

"Sikumbuki, Karisa. Na hilo utanisamehe?"

"Hujui hata kama ulicheka," akasema taratibu. "Nikusamehe nini?"

Akaniaga kwa adabu, akaenda zake.

Mliokuwa katika mstari ule na bado mko hai, niandikieni hapa. Msinihurumie.

Nilicheka?