Shimo la Ngaramtoni

Mume wangu Selemani ni mpishi wa shughuli. Ukisikia kuna harusi Kaloleni au Levolosi na pilau likasifiwa mpaka kesho yake, ujue yeye ndiye aliyeinamia sufuria. Mpishi lazima aonje, na Selemani alionja kwa miaka ishirini, mpaka mizani ya zahanati ikashindwa kumpima, kwa sababu namba zake ziliishia kilo mia na ishirini. Mimi sikuwa na neno. Kwetu mume mnene ni sifa ya mke, na sifa zangu nilizitembeza mjini bila aibu.

Sifa hizo ziliishia siku tuliyomzika Tunu.

Tunu alikuwa dada yake, na wao wawili ndio watoto pekee wa mama mkwe wangu, Bi Swabaha. Hakuacha mtoto. Kwetu mwanamke akizikwa, wanaoshuka kaburini kumpokea ni wanaume wa damu yake, na Tunu alibaki na wawili tu: Selemani, na mjomba wao Mzee Najim aliyekuja kutoka Kondoa. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Tulibaki nyumbani, lakini habari ilitufikia kabla wanaume hawajarudi.

Selemani alishuka, mguu ukateleza, tumbo likagonga ukuta wa kaburi na udongo uliolowa mvua ukaporomoka. Mwanandani, ile sehemu ya chini kabisa inayochimbwa ili maiti alazwe, ikafukiwa yote. Selemani mwenyewe akakwama. Watu watano walimvuta kwa kamba, na muda wote huo dada yake amelazwa kwenye jeneza juani, anamsubiri. Shuka walilolitandaza juu ya kaburi kumsitiri lilianguka kwenye tope. Kuna vijana waligeukia pembeni kuficha vicheko, na mimi majina yao ninayo mpaka leo. Kaburi likachimbwa upya, Mzee Najim akashuka na jirani mmoja, na mume wangu akasimama juu ameshika kandambili zake mkononi.

Siku ya tatu ya matanga, ndugu wakiwa wamekaa mkekani, Bi Swabaha alimwambia Mzee Najim, tena kwa upole tu, "Siku yangu ikifika, kaka, unipokee wewe. Sele asihangaike."

Selemani alikuwa anaingia na birika la kahawa. Alilisikia neno lile. Akaweka birika chini, akamimina kahawa, akampa kila mtu kikombe chake, kisha akatoka nje akakaa karibu na tangi la maji hadi adhuhuri.

Baada ya miezi minane Mzee Najim akafariki huko Kondoa. Selemani alikwenda kuzika, na aliporudi hakuwa mtu niliyemwoa... astaghfirullah, aliyenioa. Aliacha sukari kwenye chai. Akaacha chapati. Wali akawa anakula vijiko vinne, navihesabu. Akitoka kuswali alfajiri harudi kulala, anavaa raba na kutembea mpaka jua lichomoze. Kwenye shughuli nilimwona kwa macho yangu akionja supu na kuitema. Na kila Jumamosi akaanza kwenda Ngaramtoni. Ukimuuliza, anasema anafuata vitunguu.

Sasa mwanamke mwenye akili zake aelewe nini hapo? Mjini kwetu mtu akikonda, ana maelezo mawili tu. Wa kwanza waliniuliza kama ni sukari. Waliofuata walishusha sauti, wakauliza kama tumeshapima wote wawili. Mimi nilikuwa na jibu langu la tatu ambalo sikulisema kwa mtu. Mwanaume wa miaka arobaini na sita hapunguzi tumbo kwa ajili ya mke aliyelizoea. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nilikuwa na hakika Ngaramtoni kuna mwanamke, na moyo uliniuma usiku na mchana.

Bi Swabaha naye alikuwa na hofu yake. Mtoto mmoja ameshamzika, huyu aliyebaki anayeyuka mbele ya macho yake. Mimi na mama mkwe wangu hatukuwa watu wa kupatana sana, jiko moja haliwatoshi wanawake wawili, lakini kwa hili tuliungana. Selemani akiwa msikitini, sisi tunatia samli kwenye mchicha wake. Uji wake tunautilia karanga za kusaga na siagi. Maharage tunayaunga kwa tui zito la nazi, halafu tunamwambia ni ya kuchemsha. Mama alikuwa anakaa kwenye kigoda, ananiambia, "Ongeza, mwanangu. Ongeza kidogo." Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu.

Mwishowe nilichoka kulia peke yangu. Jumamosi moja nilimwacha atangulie, nikafunga kanga ya pili kiunoni, nikapanda bodaboda. Nilijua anashukia kwa rafiki yake Lerionka, Mwarusha mwenye mashine ya kusaga nje kidogo ya mji wa Ngaramtoni, anayetuuzia mahindi na maharage miaka yote. Nikasema huyo ndiye anayemfichia. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia huyo mwanamke, na yalikuwa mazuri.

Mashine ilikuwa imezimwa. Nikasikia sauti nyuma ya jengo. Nikazunguka.

Kulikuwa na shimo la choo ambacho Lerionka alianza kukichimba akakiacha. Lerionka na mkewe Namelok walikuwa wamesimama ukingoni, mmoja huku na mmoja kule, wameshika gunia jeupe la kilo hamsini kwa kuliinamia, kama watu wanaoogopa kuliamsha. Kutoka ndani ya shimo ilitokea mikono miwili. Nilizijua zile bangili za makovu ya moto wa jiko.

"Kichwa huku," ilisema sauti ya mume wangu. "Taratibu. Haya, niachieni."

Wakaachia. Nikasogea mpaka nikaona chini. Alilipokea gunia kifuani, akapiga goti, akalilaza kwa ubavu wa kulia, akaligeuza lielekee Kibla. Mkono mmoja ulikuwa bado chini ya ile sehemu waliyoiita kichwa. Akautoa polepole sana.

Hakuna aliyenieleza kitu. Niliketi pale pale kwenye udongo na maneno yangu yote mazuri, nikalia kwa sauti, hata kuku wa Namelok wakakimbia.

Selemani aliinua uso. "Hafidha? Umefuata nini huku?"

"Nimefuata mwanamke wako."

Alilitazama lile gunia, akanitazama mimi. Hakucheka. Akashika ukingo, akapandisha mguu na kujivuta juu mwenyewe, akahema, akaja kukaa kando yangu na tope lake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nakonda ili nimzike mama? Mama mzima, anakula, anaswali? Si ungesema namchuria?"

"Ningesema," nikamjibu, kwa sababu ni kweli, na ningelisema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Kumwandalia kaburi mtu aliye hai ni uchuro, na kuna watu wameachana na ndugu zao kwa uchuro mdogo kuliko huo.

"Sheria haisemi lazima niwe mimi," aliendelea. "Sheikh ameniambia mtu yeyote mwema anaweza kushuka. Lakini mama ana mwanaume mmoja tu duniani, Hafidha. Mimi. Tunu nilimwacha juani."

Lerionka alitupeleka ndani ya jengo la mashine. Kwenye ukuta, juu ya mizani ya magunia, kulikuwa na namba zimeandikwa kwa chaki. Mia na arobaini na moja. Mia na thelathini na sita. Zilishuka vizuri mpaka mia na kumi na nane, kisha zikakaa. Mia na kumi na nane, mia na kumi na tisa, mia na kumi na nane tena.

"Shemeji, hapa ndipo tumekwama," Lerionka aliniambia. "Mwezi wa pili huu. Anatembea, hali kitu, na kilo hazitoki. Mimi na Namelok tumeona labda mwili umegoma."

Nilizitazama zile namba nikaiona samli yangu, kijiko kwa kijiko. Sikuthubutu kuinua macho.

Nilikiri kwa Selemani tukiwa njiani kurudi. Tukafika Sakina. Kisha akasema, "Ndiyo maana ule mchicha ulikuwa mtamu," na hapo nikajua nimesamehewa.

Mimi niliacha samli, lakini Bi Swabaha hakuacha. Alinituhumu nimekata tamaa. Ikawa anaamka mwenyewe, anajikongoja mpaka jikoni na kikopo chake, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Jioni moja alimwita Selemani, akamshika mkono.

"Sele, usinifiche. Una ugonjwa gani? Nimemzika Tunu. Nakuomba usiniongezee kaburi lingine."

Selemani aliinamisha kichwa. "Sina ugonjwa, mama."

"Mwanangu anakwisha na ananiongopea!"

Mimi si mtu wa kunyamaza, Mungu hakuniumba hivyo. Nikasema, "Mama, anakonda kwa ajili yako. Hana mwingine wa kushuka. Anataka siku yako akupokee yeye, kwa mikono yake, asikwame."

Nikajifunika mdomo kwa kanga. Selemani alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona. Bi Swabaha akawa anauzungusha ule mkono wa mwanawe mkononi mwake, anautazama huku na huku kama anaununua.

Kisha akauliza, "Zimebaki kilo ngapi?"

"Kumi na sita," Selemani akajibu. "Nataka nifike mia na mbili, mama. Hapo nageuka bila kugusa ukuta. Nimepima."

"Na mimi nakutilia samli." Machozi yalimtoka bi mkubwa, lakini alikuwa anatikisa kichwa kwa kujicheka. "Nisamehe, baba. Lile neno nililomwambia Najim lilinitoka kwa kukuonea huruma. Sikujua umelisikia."

Tangu siku hiyo jiko lilirudi mikononi mwa Bi Swabaha, na ole wangu nikizidisha kijiko cha mafuta. Mchicha bila nazi. Ndizi mbili za kuchemsha. Kipande cha samaki kisichozidi kiganja chake, na kiganja chake kilikuwa kidogo. Alipoanza kushindwa kutembea, akataka kila asubuhi Selemani ambebe kutoka kitandani mpaka kibarazani, tukauone mlima. Kwetu mjini Kibla iko upande wa Mlima Meru, kwa hiyo huo ndio upande aliouelekea maisha yake yote.

"Mkono wa kichwani uwe chini zaidi," alimwambia. "Shingo ya maiti haina nguvu, utaniachia. Ndiyo, hivyo. Sasa niweke. Usiniweke kama sufuria."

Mara ya kwanza aliposema hivyo nilitoka nikaenda kulia bafuni. Baadaye nilizoea, hata tukawa tunacheka wote watatu. Naona haya kusema, lakini sikumbuki miezi mizuri kuliko ile katika nyumba yetu. Mama alijua anakoelekea na nani atamfikisha, na hofu ikamtoka kabisa.

Alifariki mwezi wa nne, asubuhi, mvua za masika zikiwa zimepamba moto. Chaki ya Lerionka wiki ile ilikuwa imeandika mia na mbili. Mimi na wanawake wenzangu tulimwosha na kumkafini. Nilipoinua kichwa chake kumfunga, niliweka mkono chini zaidi, kama alivyofundisha.

Wakamchukua. Tukabaki. Nilikaa mkekani nikisikiliza mvua kwenye bati na nikiwaza udongo. Wanawake walikuwa wanasoma, mimi midomo ilisogea tu. Niliomba kitu kimoja: asiteleze. Simu ya mtu ikiita, nageuka, nikidhani ni ile habari ya siku ya Tunu imerudi.

Wa kwanza kurudi alikuwa Lerionka, ambaye alisimama na wenzake ukingoni kule makaburini kama alivyosimama kwenye shimo lake. Aliingia ameshika kofia, akaniambia, "Pole, shemeji. Ameshuka mwenyewe na amepanda mwenyewe." Kisha akageuka ukutani, mtu mzima yule, akafuta macho.

Selemani alifika mwisho. Magoti ya kanzu yalikuwa tope tupu, na mabega safi, yote mawili. Niliyatazama kabla sijamtazama usoni. Nikamletea maji uani, nikamwagia mikono.

"Ilikuwaje?" nikamuuliza.

"Alikuwa mwepesi. Gunia la Lerionka lilikuwa zito kuliko yeye." Alinyoosha vidole, nikaendelea kumwaga. "Nilimlaza, nikamfungulia vifundo vya sanda. Yule jirani aliyeshuka na mimi akapanda. Sheikh akaniita na mimi nipande."

"Ukapanda?"

"Nikamwambia bado kidogo," akasema. "Nafasi ilikuwepo, Hafidha. Nikakaa naye."