Mama Aliyekuja Kuangalia Fleti ya Juu

Wapo watakaosema nimetunga ili niuze nyumba. Sawa. Lakini mimi ni dalali, na dalali gani anatunga kisa cha kumfukuza mteja? Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kampala, kwenye jengo lililo kati ya Nsambya na Namuwongo, ambalo ukitazama chini unaiona reli.

Jengo hilo lilikuwa ghala la kahawa. Tajiri mmoja akalinunua, akaligeuza fleti za kisasa, zile wanazozipenda vijana wenye pesa: dari iko juu sana, mihimili ya chuma imeachwa wazi, matofali hayakupigwa plasta, hakuna kuta za kugawa vyumba. Tulipoanza, watu waligombania. Tukapandisha bei, wakalipa. Halafu soko likageuka. Kila kilima kikaota maghorofa, na wateja wakawa na neno moja tu: punguza. Tukapunguza, zikatoka zote isipokuwa moja, ya juu kabisa, pembeni. Hiyo tuliishusha bei mpaka nikaona haya kuitaja. Kila mteja aliingia, akaisifu, akafika dirishani, kisha akasema atanipigia. Nani alipiga?

Bosi akaniambia kama haitoki, nitoke mimi. Mke wangu alikuwa mjamzito. Unadhani nilikuwa nalala?

Jioni moja, jua likizama, nilikuwa peke yangu mle ndani nikipiga picha za kuweka mtandaoni. Umeme ulikuwa umekatika. Nikasikia hodi. Nikageuka, nikamwona mama wa makamo, amejifunga leso, miguu peku. Nilidhani amekosea mlango, lakini katika kazi yetu humpimi mtu kwa viatu. Nikamkaribisha. Aliniitikia kwa Kiswahili kilichonyooka, kile cha bibi yangu aliyelelewa na watu wa pwani, si hiki chetu cha mjini cha kuokoteza. Nikaanza kumweleza bei, sebule, maegesho ya gari. Hakunisikiliza. Alikwenda moja kwa moja dirishani.

"Hili mtaliziba, mwanangu?" akauliza.

Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba mwenye kununua ana hiari ya kubadilisha apendavyo.

"Lisizibwe," akasema. "Namngoja mume wangu. Aliniambia atarudi na treni, nimwangalie kutoka hapa."

Sasa sikiliza vizuri. Dirisha lile ni kioo kizima kilichokazwa kwenye fremu, halifunguki. Mama alilisukuma kwa kiganja, likafunguka kama mlango. Upepo ukaingia na harufu ya kahawa mbichi, nzito, ikanijaa kooni. Kuta sikuziona tena. Ghala lote lilikuwa wazi, refu kuliko jengo lenyewe, limejaa wanawake waliokaa chini, nyungo mapajani, wakipepeta na kuchambua, na sauti ya punje ilikuwa kama mvua juu ya bati. Hakuna aliyenitazama. Huko chini treni ikapiga honi. Wote wakainua vichwa kwa pamoja, na yule mama akainama nje, akatazama, akatazama, mpaka mlio ukapotea. Kisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyezoea.

Niamini, pale pale sikuogopa. Nilijisikia kama mtoto anayeingia msikitini kwa mara ya kwanza akakuta watu wazima wote wamesujudu.

Umeme ukarudi. Nilikuwa peke yangu. Kioo kizima, fremu haina hata mkwaruzo. Ndipo nilipoteremka ngazi nikijishikilia ukutani. Askari wa getini akaniambia hakuna aliyeingia tangu mchana, kisha akaniuliza mbona nanuka kahawa.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Haukupita muda akaja Papa Kambale, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, huko Kongo. Akakubali bei bila kuvutana, ila kwa sharti moja: dirisha lizibwe, kitanda kikae pale. Nilijaribu kumshawishi aliache. Bosi akanivuta pembeni akaniuliza kama nimerogwa, akaita fundi. Fundi akajenga ukuta mchana, tukafunga mlango, ufunguo akaondoka nao bosi.

Asubuhi tukapanda wote wanne. Ukuta haukuwepo. Haukuwa umeanguka, la. Matofali yalikuwa yamepangwa sakafuni safu kwa safu, yamepanguswa, hayana hata chembe ya saruji, kama vile hayajawahi kujengewa. Fundi akakusanya vyombo vyake akaondoka bila kuaga. Bosi akagoma kuvuka kizingiti.

Papa Kambale akavua kofia. Alisimama mbele ya dirisha kwa muda, akitazama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Kisha akanigeukia, akauliza polepole:

"Ule mama, iko anangojea nani?"

Nikamwambia. Akanieleza kwamba mama yake mzazi alimngoja mumewe hivyo hivyo wakati wa vita, mpaka akafa akingoja. Akanunua fleti kwa bei ile ile. Kitanda akakiweka upande mwingine.

Anaishi pale mpaka leo. Huniambia kwamba treni ya mizigo ikipita jioni, huacha anachokifanya akatulia mpaka imalize kupita. Bosi hajapanda tena ngazi zile. Mimi bado nauza nyumba, na mke wangu alijifungua salama, lakini kwenye jengo la zamani siingii kabla sijapiga hodi, hata likiwa tupu. Madalali wenzangu hunicheka. Wacheke.

Nawe unayetafuta fleti mjini, ukaona bei imeshuka kuliko majirani zake, usikimbilie kushangilia, wala usianze kubomoa na kuziba. Uliza kwanza ni nani anayepatumia. Na akikutokea mwenyewe, muulize jina. Mimi nilimweleza sebule na maegesho ya gari, jina sikumuuliza, wala la mumewe. Treni zinapita. Hata kama mume huyo yumo, sisi tusiomjua tutamwitaje ashuke?