Kilo Sitini na Nne

Mzee wa Kona, ndivyo tunavyomwita hapa jimu, hakosi asubuhi hata moja. Hufuta viganja kwenye suruali mara tatu, hushika chuma, hunong'ona, "Haya mama, twende," kisha hukiinua hadi kiunoni na kukishusha bila kelele, kama anayelaza mtu. Uzito ni uleule, kilo sitini na nne.

Leo chuma kilifika magotini kikagoma. Midomo ilimkauka, lakini akakishusha taratibu vilevile. Mimi ndiye mwalimu wa mazoezi, nikamsogelea. "Mzee wangu, jana ulikula nini?"

"Chai. Nilimlisha mke wangu kwanza, hamu ikaniisha."

Nikamwambia kwamba kwa umri wake misuli haijengwi na chuma peke yake, inataka chakula na usingizi. Apumzike siku mbili.

"Na siku hizo mbili nani atamtoa kitandani?" Mkewe amepooza, hasimami. Nikampunguzia uzito, nikachomoa vyuma vya kilo tano, kimoja kila upande. Akavitazama kama mtu aliyeona nyoka, akavirudisha mwenyewe, kimoja kimoja.

"Yeye hapungui," akasema.