Nilivyoichoma rimu ya gari la mbio, Mbeya miaka ya sabini

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, na wengine mambo vipi.

Nimeona vijana humu mnaulizana namna ya kutoa rangi kwenye alloy rims, zile rimu za alumini. Hiyo kazi nimeifanya zamani, na nina kisa changu. Sitaongeza chumvi, maana chenyewe kinaniaibisha vya kutosha.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi rangi Ilomba, Mbeya. Mjini palikuwa na mfanyabiashara wa nguo, nimwite Bwana Salehe, wazazi wake walitoka pwani. Alinunua gari dogo la mbio la viti vinne kwa mkandarasi mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Likipita barabarani, mafundi wote tunaweka spana chini.

Rimu zake zilikuwa forged, yaani alumini iliyogandamizwa kwa mashine kiwandani mpaka ikashikana, siyo ya kumiminwa kama sufuria. Rangi ilikuwa imebabuka.

Akaniletea zote nne nizipake upya. Ijumaa alikuwa anasafiri na mkewe na watoto wawili kwenda Morogoro. Mnaoijua njia hiyo mnajua lazima uteremke mlima Kitonga, wenye kona kali na makorongo.

Nilianza vizuri tu. Dawa ya kutoa rangi, glovu za mpira, mlango wazi maana harufu yake inalevya. Unapaka, unasubiri rangi ivimbe, unakwangua kwa kipande cha mti, siyo bisibisi, halafu unaosha kwa maji mengi.

(Na jamani, kostiki ya kutengenezea sabuni msiiguse. Inaila alumini huku unaiangalia.)

Rimu tatu zikatoka safi. Ya nne, dawa ikaisha, na enzi zile dawa yenyewe ulikuwa unaipata kwa bahati.

Sasa sisi rimu za chuma tulikuwa tunazichoma kwenye mkaa, rangi inatoka yenyewe. Nikajiambia rimu ni rimu. Nikaiweka juu ya mkaa.

Rangi ikatoka kirahisi mpaka nikajiona mjanja. Nikapiga msasa laini, praima ya kushikisha rangi, kisha rangi ya fedha zote nne. Zikafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Vanishi ya kumalizia juu ikawa haipo Mbeya. Jumatano nikapanda basi hadi Iringa, Kihesa, kwa fundi mwenzangu Kalinga. Wakati ananimiminia kwenye kopo, nikamsimulia ujanja wangu wa mkaa.

Akaacha kumimina.

“Uliichoma hiyo ya alumini?”

“Ndiyo. Na haijapinda hata kidogo.”

“Haiwezi kupinda siku hiyo hiyo, ndugu yangu. Ugumu wake imepewa kiwandani, kwa joto la kupimwa. Wewe ukiichoma pale mkaani inalainika, na kwa macho huoni kitu. Inakuja kupasuka mtu yumo ndani.”

Niseme ukweli, wakuu, kwenye basi la kurudi nilifikiria kunyamaza. Rimu zilikuwa zinang’aa, nani angejua? Halafu nawaona wale watoto kiti cha nyuma, gari linashuka Kitonga. Niliogopa sana.

Alhamisi asubuhi nikaenda dukani kwake nikamweleza yote. Akanisikiliza huku anakunja vitenge.

“Ni ipi, fundi?”

Wakati wa kuzianika nilikuwa nimezichanganya, na hata mkwaruzo wa msumari sikuweka.

“Sijui, Bwana Salehe.”

Akamaliza kukunja kile kitenge, akakiweka kwenye rafu.

“Basi hafungi mtu hata moja.”

Alisafiri na rimu za chuma za akiba, alizopewa pamoja na gari alipolinunua. Walifika salama na wakarudi salama.

Wiki iliyofuata akaja na msumeno wa chuma. Akaniambia nizikate zote mwenyewe, asije mtu akaziokota akazifunga kwenye gari lake. Nilikata siku mbili, viganja vikatoka malengelenge. Tatu kati ya zile zilikuwa nzima kabisa. Hilo liliniuma kuliko mikono.

Nilipomaliza nikamwambia sina uso wa kuendelea kumfanyia kazi. Akasema, “Gari langu utalipaka wewe. Hao wengine sijui wananificha nini.”

Nililipaka mpaka alipoliuza.

Kwa hiyo vijana, alumini ya namna hiyo usiipeleke kwenye moto. Hata hizo powder coating zenu, rangi ya unga inayookwa, kabla rimu haijaingia kwenye oven uliza joto ni kiasi gani, na kama rimu yako inalivumilia. Na ukifanya kazi mbili tofauti kwenye vitu vinavyofanana, weka alama.

Mafundi mliomo humu, tuambiane ukweli: kuna kazi uliwahi kumkabidhi mtu inang’aa, na wewe peke yako unajua kilicho chini ya rangi? Mimi yangu nimeitoa.