Mtoto Wangu Hakuri

Pale Biryogo, mtaa wa Waislamu wa Kigali, hakukuwa na kiuno cha mtoto ambacho Mama Shami hakukijua. Alikuwa fundi cherehani, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule. Kila mwaka wa masomo ulipokaribia, watoto walijipanga barazani kwake, naye akawazungushia futi kifuani na kiunoni, pini zikiwa mdomoni, kisha akaandika namba kwenye daftari. Alijua nani karefuka na nani kanenepa. Binti akianza kubadilika mwili, Mama Shami alijua kabla ya mama mzazi, na hakuona haya kumwita huyo mama pembeni na kumnong'oneza.

Jina lake hasa lilikuwa Nyiransabimana. Alizaliwa milimani huko Gitarama, akaja mjini kujifunza kushona, akaolewa na Munyakazi, dereva wa lori ambaye babu yake alitoka Ujiji na biashara ya vitambaa. Munyakazi alikizungumza Kiswahili tangu utotoni. Mkewe alikiokota sokoni, tena kwa fujo. Herufi l na r kwake zilikuwa pacha. Iliyokuwa karibu ndiyo iliyotoka mdomoni. Mumewe alimcheka kwa hilo miaka kumi na sita mfululizo, naye alimjibu kwamba wateja wanavaa nguo, hawavai maneno.

Sasa mwanamke huyu mwenye jicho kali hivyo, mwaka ule wa 1992, alikuwa na kurasa mbili za daftari ambazo hakupenda kuzitazama pamoja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa Shami, mwanawe mkubwa: urefu wa suruali themanini, kisha themanini na mbili, kisha themanini na nne. Ukurasa wa pili ulikuwa wa Gatera, mdogo wake: sabini na sita, themanini na moja, themanini na tisa. Gatera alikuwa na miaka kumi na mitatu, na sauti yake ilishaanza kukwaruza. Shami alikuwa na miaka kumi na minne na miezi minane, na mwili wake haukuonyesha dalili hata moja ya kubalehe. "Atakua tu," Mama Shami alijiambia, akafunga daftari.

Alifunga hivyo mpaka Jumatatu moja Shami alipousukuma mkoba wake wa shule chini ya kitanda.

"Mama, sirudi kule. Wananiita Bebe, kitoto kichanga. Gatera akija kunisubiri mlangoni wanasema kaka yako mkubwa amefika."

Mama Shami angecheka, lakini aliyaona macho ya mwanawe.

"Mama, mimi ni mgonjwa? Nitabaki hivi hivi?"

Huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza, na kwa mara ya kwanza alikuwa amemuuliza kitu ambacho futi haiwezi kupima. Akavaa mtandio, akamshika mkono, wakaenda zahanati.

Munyakazi hakuwepo. Vita vya kaskazini vilikuwa vimefunga njia ya Uganda, kwa hiyo malori yalipitia mpaka wa Rusumo kwenda Dar es Salaam, na safari ya wiki mbili siku hizo ilikula miezi. Zahanati walimkuta nesi Cyriaque, mtu wa Bukavu, mpole, msafi, mwenye Kinyarwanda cha kusalimiana tu. Ikabidi Mama Shami atumie Kiswahili chake.

"Muganga, mutoto wangu hakuri."

Hapa lazima nieleze. Kwa Kinyarwanda kukua ni gukura. Mama Shami alikuwa anasema mtoto hakui. Lakini Cyriaque alikwishazoea wagonjwa wanaochanganya r na l, akajisahihishia mwenyewe kichwani kwa kujiamini kabisa: hakuli. Mtoto hataki chakula.

"Tangu lini, mama?"

"Myaka mbiri."

Cyriaque alimtazama Shami kwa mshangao. Miaka miwili, na bado amesimama! "Hata kidogo, hapana?"

"Kidogo, kidogo sana. Mudogo wake ndiyo anakura! Ule anakura mubaya, amemupita huyu."

"Aaa," alisema Cyriaque, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeona mwizi. "Mama, hawa batoto banatumia sahani moja?"

"Ndiyo, moja."

"Basi utenganishe sahani."

Mama Shami alishangaa kidogo, lakini nani anabishana na mtu wa koti jeupe? Shami naye alikuwa ameinamisha kichwa, akiomba tu asivuliwe nguo mbele ya mama yake. Alipoona havuliwi, alishukuru Mungu na hakutaka kusikia neno lingine. Wakatoka na chupa tatu za siropu, kijiko kimoja kabla ya kila mlo.

Na ile siropu ilifanya kazi bwana! Shami alikula ndizi, akala maharage, akala isombe, kisamvu cha kwetu, mpaka akakomba sufuria. Alikula asubuhi chakula cha mchana na mchana akauliza cha jioni. Baada ya miezi miwili alikuwa na mashavu ya bwana harusi na tumbo la mwenye duka. Mama Shami alilegeza kiuno cha suruali yake mara mbili. Urefu hakuugusa.

Munyakazi aliporudi, vumbi la Rusumo bado likiwa masikioni, aliwakuta watoto wanakula. Gatera alikuwa peke yake pembeni na kisahani kidogo, kama mtu aliyefungiwa. Shami alikuwa nyuma ya mlima wa ugali.

"Huyu kafanya nini?" aliuliza Munyakazi.

"Ni amri ya muganga," alisema mkewe, akamweleza, akamletea chupa.

Munyakazi aliisogeza chupa kwenye mwanga, akasoma Kifaransa chake polepole. "Mama Shami, hii ni dawa ya hamu ya kula. Wewe ulimwambia nini yule mtu? Neno kwa neno."

"Nirimwambia mutoto hakuri."

Munyakazi aliketi kwenye mfuko wa mchele. Alicheka bila sauti kwanza, kisha kwa sauti, mpaka jirani akachungulia. Mama Shami alikasirika, akamwita mpumbavu, akamrushia kitambaa. Halafu mumewe akamwambia kwamba nesi alisikia "hakuli", naye akakumbuka "utenganishe sahani", na kicheko kikamkamata yeye pia, akashika ukuta. Gatera ndiye aliyecheka kuliko wote, maana alikuwa amekaa miezi miwili na hatia ya ulafi.

Shami hakucheka. Aliweka tonge lake chini. "Kwa hiyo hakuna aliyenitibu bado," alisema. "Hata kunitazama."

Kesho yake asubuhi walikwenda watatu hospitali kubwa ya mjini.

Daktari Mugenzi alikuwa Mnyarwanda, na Mama Shami alilisema neno lile lile, safari hii likafika. Daktari aliuliza mengi: kichwa kinauma? Anaona vizuri? Anasikia harufu? Amewahi kuugua muda mrefu? Kisha akamwomba Shami ruhusa, akaingia naye peke yake nyuma ya pazia, wazazi wakabaki kwenye benchi wakitazama viatu vyao. Akaagiza damu, na picha ya eksirei ya mkono wa kushoto. Siku waliporudi kuchukua majibu, aliibandika ile picha dirishani.

"Damu yake haina tatizo," alisema. "Mtoto ana miaka karibu kumi na mitano, lakini mifupa yake ina miaka kumi na miwili na nusu. Iko nyuma, ila inatembea. Mmefanya vizuri kumleta. Mvulana akitimiza kumi na minne bila dalili yoyote, aonwe na daktari. Msichana akifika kumi na mitatu bila kuota matiti, au kumi na mitano bila kuona siku zake, naye aletwe. Wengi wamechelewa tu. Wachache ni wagonjwa, na hao huwezi kuwajua kwa kuwatazama barazani."

Mama Shami aliona aibu. Barazani ndipo alipokuwa amemtazama mwaka mzima.

"Sasa, mzee," daktari alimgeukia Munyakazi, "wewe ulibalehe ukiwa na miaka mingapi?"

Munyakazi alikuwa mtu wa maneno. Sauti yake nzito ilisikika hata injini ikinguruma, na hakuna kituo cha malori kati ya Kigali na Dar es Salaam ambako hakuwa na kisa cha kusimulia. Sasa alitazama dari. Akatazama picha ya mkono.

"Kumi na saba," alisema. "Ilikuwa inakwisha."

Mama Shami aligeuka mzima mzima.

"Nilikuwa utingo wa lori," aliendelea, akisema na magoti yake. "Madereva waliniita Dada. Nilikuwa nakohoa makusudi ili sauti ikwaruze."

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," alisema daktari kwa furaha. "Kuchelewa huku mara nyingi hutembea katika ukoo. Nitamwona tena baada ya miezi sita."

"Miaka kumi na sita!" Mama Shami alimaka. "Miaka kumi na sita unayacheka maneno yangu, kumbe wewe ulikuwa na moja hukulisema!" Daktari alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Nikwambie mapema usikae roho juu: miezi sita ilipopita, daktari alimpima Shami tena, akamwambia kwamba kazi imeanza. Lakini mimi nataka kubaki siku ile ya majibu, wakishuka kwenda Biryogo kwa miguu, jua likiwaka. Baba na mwana walitangulia. Mama Shami alipunguza mwendo kwa makusudi, akajifanya kiatu kinambana, ila masikio aliyaacha mbele.

"Baba, walikuwa wanakuita hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na ulikuwa unalia?"

Mama Shami hakuwahi kumwona mumewe akilia, hata alipofiwa na mama mzazi.

"Nililia sana, mwanangu," alisema Munyakazi. "Chini ya turubai ya lori. Nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Shami alimshika mkono baba yake, pale pale barabarani, mchana kweupe, watu wakipita. Asubuhi ya Jumatatu iliyofuata aliuvuta mkoba uliokuwa umekaa miezi yote chini ya kitanda, akamwambia Gatera afanye haraka, wanachelewa shule.