Kabura na Ndege Mwenye Meno

Kabura alikuwa mke wangu miaka arobaini na tatu. Tumemzika mwezi wa nne. Kazi yake ilikuwa kunyonyoa kuku katika hoteli moja ya watalii, Nanyuki. Alikuwa na mikono myepesi.

Mwaka wa sabini na nne alikuja mgeni mzee, Mzungu wa kusoma mifupa. Aliomba jikoni mifupa ya kuku mzima, isiyokatwa. Wapishi walimcheka. Kabura akachemsha, akasafisha, akampelekea yote kwenye sinia, hata vidole vya bawa. Siku ya kuondoka mzee alimpa kibao cha plasta, ile nyeupe ya kufungia mkono uliovunjika. Kabura akakiweka juu ya kabati letu.

Juu ya kibao kulikuwa na chapa ya mnyama, shingo imepinda kama ya kuku aliyechinjwa. Manyoya yote yapo. Lakini mdomo una meno, bawa lina vidole vitatu vyenye kucha, na mkia ni wa mifupa, kama wa mjusi.

Kabura alikuwa na mimba ya miezi saba. Wavulana wawili tulikuwa tumeshazika, hakuna aliyefika mwaka. Niliogopa.

Akanieleza alivyoambiwa. Kibao kilikuwa nakala tu; jiwe lenyewe, lenye mifupa ya ndege huyo, liko nchi ya Wajerumani. Zamani za ndege huyo, huko kulikuwa na bahari ya joto, visiwa vikavu na vichaka vifupi. Nyasi hakuna. Maua hakuna. Mijusi wenye mabawa ya ngozi waliruka juu. Chini ya maji chumvi ilikuwa kali, hakuna kilichoishi, kwa hivyo aliyeanguka humo hakuliwa. Tope lilimfunika polepole, unyoya kwa unyoya.

Nikauliza kama zamani hizo mlima wetu ulikuwepo.

"Mzee anasema mlima bado haikuwa."

Nikatoka nje. Kirinyaga ilikuwa wazi, theluji juu. Baba yangu aliomba akiuelekea mlima huo. Meno ningeyazoea. Hilo la mlima sikuweza.

Mama yangu, Waithira, akaja kutoka Mukurweini na ndizi. Alipoona kibao, hakukaa. Kwetu mifupa ya mfu hailali nyumba moja na mwenye mimba. Akaniita nje.

"Kingori, mtoto atachukua sura ya hiyo kitu. Unangoja nini?"

Alhamisi, Kabura alipoenda kazini, nikakifunga kwa gunia nikaenda mtoni. Nilitaka kukizamisha tu. Kikaniponyoka, kikapasuka juu ya jiwe, pale pale shingoni. Ndani kilikuwa cheupe kama unga. Nikasukuma vipande majini.

Sijafika nyumbani nikakutana na Mbula, mfanyakazi mwenzake Kabura, anahema. Akasema Kabura ameshikwa na uchungu jikoni, amepelekwa hospitali. Mimba ilikuwa bado mwezi na nusu.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kwanza niliogopa kitu kile kitamharibu mtoto. Sasa niliogopa kwamba kwa kukivunja nimemvunja yeye. Njia nzima niliona ile shingo.

Alikuwa msichana, mdogo, amefungwa kwa pamba. Nikamfungua. Nikaangalia vidole. Nikamgeuza, nikapapasa chini ya kiuno.

"Unatafuta mkia," Kabura akasema.

Nikamwambia yote, hata gunia. Ila mzee yule, hakuna mtu aliyewahi kumpa kitu kwa ajili ya kazi yake.

"Wale wawili walikufa," akasema, "na kwa nyumba hakukuwa na plasta. Sasa mfunge. Anasikia baridi."

Nikamfunga. Hakunyonya. Tulimpa maziwa kwa kijiko, mengi yakarudi. Siku ya tatu nilienda mtoni kutafuta vipande, nikiwaza labda vinaweza kuunganishwa. Nilipata kimoja, kimelainika, hakina alama.

Mama akaja, naye akamfungua mtoto, akaangalia. Akasema achukue jina lake haraka, asiende bila jina.

Siku ya tano Kabura aliniita kitandani. Akachukua mkono wangu, akauweka mgongoni mwa Waithira mdogo, nisikie akinyonya, akimeza.